Stripu Imebadilika Rangi, Lakini Imeona Alkoholi Gani?

Kila anayejifunza kukeneka pombe, yaani kuichemsha na kuupoza mvuke wake hadi utone, hufika mapema kwenye swali lilelile: hivi hakuna karatasi ya kuchovya kwenye glasi, ukasubiri dakika mbili, ikakuambia kama kilichomo ni ethanoli inayonyweka au methanoli inayopofusha? Swali ni la busara. Zipo karatasi za kupima sukari kwenye mkojo, ujauzito, klorini kwenye bwawa la kuogelea, hata uchachu wa udongo. Kwa nini alkoholi iwe ngumu?

Karatasi za alkoholi zipo. Stripu, kama wengi wanavyoziita, huuzwa kwa pakiti, na ukiichovya moja kwenye pombe kali itageuka buluu au kijani ukiiangalia. Taabu ni kwamba nyingi hujibu swali ambalo hukuuliza. Wewe umeuliza ni alkoholi gani. Yenyewe inakujibu kwamba alkoholi ipo. Hilo ulilijua kabla hujafungua pakiti.

Kuelewa kwa nini iko hivyo kunahitaji kujua vitu viwili: jinsi alkoholi zinavyofanana, na jinsi ethanoli inavyokuwa nyingi mno kuliko zote katika chombo kimoja.

Familia inayofanana sura

Kwa mkemia, alkoholi ni molekuli yoyote ambayo kaboni yake imeshika jozi ya oksijeni na haidrojeni. Methanoli ina kaboni moja, ethanoli mbili, propanoli tatu, na kuendelea. Kinachozipa tabia ya alkoholi ni ile jozi, na zote zinayo. Kitendanishi, yaani kemikali ya kupimia, kinachoitambua jozi hiyo kitazitambua zote, na hakitakuwa na sababu ya kukutajia kaboni ni ngapi.

Katika pombe iliyochachuka, hamira hutengeneza ethanoli kwa wingi. Pembeni yake hutoa kiasi kidogo cha alkoholi nzito zaidi: propanoli, isobutanoli, na alkoholi za isoamili. Kundi hilo zito huitwa mafuta ya fuseli, na ndilo linaloleta harufu ya boksi lililolowa maji mwishoni mwa upishi. Methanoli haitokani na kazi hiyo ya hamira. Inatoka kwenye pektini, ile gundi inayoshikilia nyama ya matunda na kuifanya jemu igande. Pektini imebeba vipande vidogo vya methili, na kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, kilichomo ndani ya tunda lenyewe huvikata. Kila kipande kikikatwa na kuungana na maji, methanoli inazaliwa. Ndiyo maana pombe ya matunda huwa nayo zaidi, na pombe iliyochachushwa kwa sukari tupu huwa nayo kidogo sana, karibu na hakuna. Mpishi anayejua alichotia kwenye pipa tayari anajua jambo ambalo stripu haiwezi kumwambia.

Kwa macho, methanoli na ethanoli ni maji meupe. Kwa pua zinakaribiana, hasa zikiwa pamoja. Kwa hidromita ni vilevile: katika nyuzi 20 za Selsiasi, densiti ya ethanoli safi ni gramu 0.789 kwa mililita, ya methanoli ni 0.792, ya isopropanoli 0.785. Chovya hidromita kwenye mchanganyiko wa methanoli na maji, nayo itakusomea "asilimia ya pombe" bila aibu yoyote. Chombo hicho hupima wepesi wa maji yaliyochanganywa, basi.

Sasa tuje kwenye wingi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 kuhusu vinywaji vikali inaruhusu methanoli isiyozidi gramu 10 kwa kila lita 100 za alkoholi safi katika vodka, gramu 200 katika brandi ya zabibu, na kwa spiriti nyingi za matunda gramu 1,000. Tufanye hesabu ya spiriti ya matunda yenye asilimia 40, iliyofika ukingoni kabisa mwa ruhusa. Lita moja ina takriban gramu 316 za ethanoli, na gramu 4 za methanoli. Vodka iliyofika ukingoni mwake ina gramu 0.04 tu. Kwa hiyo kipimo chenye maana kinatakiwa kimtambue mtu mmoja kati ya themanini waliovaa sare moja, na kwa vodka, mmoja kati ya karibu elfu nane. Kipimo kinachoitikia sare kitawahesabu wote na kukupa jumla.

Ndani ya stripu mna nini

Stripu nyingi za alkoholi zilibuniwa kwa ajili ya mate, au kwa mama anayenyonyesha anayetaka kujua kama maziwa yake yana pombe. Kwenye kipande kile kidogo cha karatasi kumekaushwa vitu vitatu. Cha kwanza ni kimeng'enya kinachoitwa alkoholi oksidesi, ambacho huinyang'anya alkoholi haidrojeni na kuigeuza aldehidi, na katika kufanya hivyo hutoa haidrojeni peroksaidi. Cha pili ni kimeng'enya kingine, peroksidesi, kinachoitumia peroksaidi hiyo. Cha tatu ni kemikali isiyo na rangi ambayo, ikiguswa na peroksidesi iliyo kazini, hugeuka buluu. Kadiri alkoholi inavyoongezeka ndivyo buluu inavyokolea.

Hapa pana kichekesho kidogo. Alkoholi oksidesi hupatikana kutoka kwa aina za hamira ambazo kwa asili hula methanoli. Kimeng'enya hicho kinaipenda methanoli kuliko zote, kisha ethanoli, na hamu yake hupungua kadiri mnyororo wa kaboni unavyorefuka. Kwa maana hiyo stripu ya mate inaiona methanoli vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba inaiona na ethanoli karibu sawasawa, na mwisho wa yote inakuonyesha buluu moja.

Kuna na suala la ukali. Stripu ya mate imepangwa isome viwango vinavyolingana na alkoholi ya damu, ambavyo kilele chake ni karibu gramu 3 kwa lita. Spiriti yenye gramu 316 kwa lita inaizidi mara mia. Rangi hufika mwisho wa kipimo papo hapo na kubaki hapo. Mara nyingine alkoholi kali huviharibu vimeng'enya vyenyewe na rangi ikatoka hafifu, jambo baya zaidi kwa sababu linafanana na habari njema. Ukiizimua sampuli mara mia ili stripu iweze kusoma, ethanoli inashuka kweli, ila methanoli nayo imeshuka mara mia. Uwiano haujasogea hata kidogo.

Kipo kimeng'enya kingine, alkoholi dehidrojinesi ya hamira, ambacho tabia yake ni kinyume: hukimbilia ethanoli na karibu kuipuuza methanoli. Kipimo chenye kimeng'enya hicho kinafaa kueleza ethanoli ni kiasi gani. Kwa anayeitafuta methanoli, kinamsaidia kidogo mno.

Vipimo vya darasani, na kwa nini havitoshi

Waliosoma kemia ya sekondari watakumbuka potasiamu daikromati, rangi ya chungwa inayogeuka kijani ikikutana na alkoholi ndani ya asidi. Ndiyo iliyokuwa ndani ya kipima-pumzi cha Robert Borkenstein, kilichobuniwa Marekani mwaka 1954 kwa ajili ya madereva walevi. Inabadilika rangi kwa methanoli, kwa ethanoli, kwa propanoli. Juu ya hayo kromiamu ya daikromati inasababisha saratani, kwa hiyo sioni sababu ya mtu kuiweka karibu na kitu cha kunywa ili apate jibu lisilomfaa.

Kipimo cha Lucas, chenye zinki kloraidi ndani ya asidi kali ya haidrokloriki, hutenganisha alkoholi kwa jinsi kaboni zilivyopangwa: za aina ya tatu huchafua maji mara moja, za aina ya pili baada ya dakika kadhaa, za aina ya kwanza hukaa kimya kwenye joto la kawaida. Methanoli na ethanoli zote zinakaa kimya. Kipimo kizuri, ila mlango wake si huu.

Cha iodofomu kinavutia zaidi. Ethanoli ikichanganywa na iodini na sodiamu haidroksaidi hutoa unga wa njano wenye harufu ya dawa ya vidonda. Methanoli haitoi. Watu wengi hufurahi hapo na kusema: basi, nikiona njano, niko salama. La. Ukiona njano umethibitisha kwamba ethanoli ipo. Methanoli inaweza kuwa pale pale, imenyamaza. Kipimo hicho kingekuwa na maana kwa chupa ambayo ni methanoli tupu au ethanoli tupu, na chupa za namna hiyo hazipatikani kwenye mtambo wa kukeneka.

Na mwali wa moto? Kuna imani iliyoenea sana kwamba pombe njema huwaka buluu na mbaya huwaka rangi nyingine. Methanoli huwaka kwa mwali wa buluu hafifu, mara nyingine hauonekani kabisa mchana. Ethanoli iliyochanganywa na maji nayo huwaka buluu. Gramu nne za methanoli ndani ya gramu mia tatu za ethanoli hazina rangi yao ya kujitangaza. Anayewasha kijiko cha pombe anajifunza kwamba inawaka, na anajiweka katika hatari ya kuungua na kitu ambacho mwali wake hauoni.

Ujanja unaofanya kazi: igeuze kwanza

Ikiwa alkoholi zinafanana, watoto wao hawafanani. Hapo ndipo wakemia walipopata njia, miaka mingi kabla ya vyombo vya kisasa. Ukiichukua methanoli na kuichoma kiasi, si kwa moto bali kwa kemikali ya potasiamu pamanganeti ndani ya asidi ya fosforiki, inageuka fomaldehidi, aldehidi yenye kaboni moja. Ethanoli kwenye chombo hichohicho inageuka asetaldehidi, yenye kaboni mbili. Fomaldehidi ina ukali na wepesi ambao dada yake hana. Pamanganeti iliyobaki huondolewa rangi yake ya zambarau kwa chumvi ya salfaiti, kisha huongezwa asidi ya kromotropiki pamoja na asidi kali ya sulfuriki, na vyote hupashwa joto. Fomaldehidi inatoa rangi ya urujuani iliyokolea. Asetaldehidi haitoi rangi hiyo.

Kipimo hiki kilikuwa njia rasmi ya maabara za vinywaji kwa miongo mingi, na vifurushi vingi vya kupimia methanoli nyumbani, vile vyenye chupa mbili tatu za matone na kadi ya rangi, vimejengwa juu ya wazo hilo: geuza kuwa fomaldehidi, kisha tafuta fomaldehidi. Kwa hiyo mtu akikuuzia kifurushi, swali la kwanza la kumuuliza ni hili: kuna hatua ya kugeuza, au ni karatasi ya kuchovya tu? Kama ni ya kuchovya tu moja kwa moja kwenye spiriti, ningeibakisha dukani.

Hata njia ya kugeuza ina mitego, na inafaa kuijua kwa sababu maelekezo ya kwenye kifurushi huipita haraka. Wa kwanza ni kwamba si methanoli peke yake inayoweza kuzaa fomaldehidi. Sukari na gliseroli zikichomwa na pamanganeti nazo hutoa kiasi. Ndiyo sababu maabara huikeneka sampuli kwanza ili kuacha sukari nyuma. Anayepima likeri tamu, au pombe ghafi ambayo bado haijakenekwa, anaweza kuona urujuani usio wa methanoli. Wa pili ni ethanoli yenyewe: wingi wake hubadilisha ukolevu wa rangi hata kama yenyewe haitoi rangi, kwa hiyo sampuli hushushwa hadi alkoholi ya karibu asilimia tano, na sampuli za kulinganishia hutengenezwa kwa ethanoli ya kiwango hichohicho. Kulinganisha na maji matupu yenye methanoli ni kujidanganya. Wa tatu ni salfaiti: ikiwa pungufu, zambarau ya pamanganeti inabaki na kusomwa kana kwamba ni urujuani wa kipimo.

Wa nne ni macho yetu. Kadi ya rangi ina vidirisha vitano au sita, na kati ya kidirisha na kidirisha kiwango huruka mara mbili au zaidi. Kusema "iko katikati ya hizi mbili" chini ya taa ya njano jikoni si kupima. Mashine inayosoma mwanga wa urefu wa nanomita 575 hivi ndiyo inayokata mzizi wa shauri hilo. Na asidi kali ya sulfuriki iliyopashwa moto haina mahali jikoni.

Kipimajoto hakisomi majina

Wengi wanaotafuta stripu huitafuta kama uthibitisho wa kitu wanachoamini tayari: kwamba methanoli huchemka nyuzi 64.7, ethanoli 78.4, kwa hiyo methanoli yote hutoka mwanzo, na ukimwaga matone ya kwanza umemaliza kazi. Hesabu hiyo ingekuwa kweli kama kila kimiminika ndani ya mtambo kingekuwa peke yake. Kwenye mchanganyiko mambo huenda vingine.

Pombe ghafi yenye alkoholi asilimia 10 haichemki kwa nyuzi 64.7 wala 78.4. Huchemka karibu nyuzi 93, na mvuke wake wa kwanza huwa na alkoholi takriban nusu. Kadiri alkoholi inavyopungua ndani, joto hupanda polepole kuelekea 100. Kipimajoto kilicho juu ya mtambo kinakusomea uwiano wa ethanoli na maji katika mvuke unaopita wakati huo. Hakuna kituo cha nyuzi 65 ambapo methanoli inashuka, ikamaliza, halafu ethanoli ikapanda.

Jambo la ndani zaidi ni jinsi kila molekuli inavyoshikwa na maji. Methanoli ni ndogo na inayapenda maji sana, kwa hiyo kwenye mchanganyiko wenye maji mengi inang'ang'ania humo, na inatoka kwa uzembe kuliko ethanoli. Kwenye mchanganyiko wenye alkoholi nyingi, maji yakiwa machache, methanoli inarudia wepesi wake na kutangulia. Alkoholi za isoamili ni kinyume chake: zinachemka karibu nyuzi 131 zikiwa peke yake, ungetarajia zichelewe, kumbe kwenye maji mengi maji hayazitaki na kuzisukuma nje mapema. Mpishi anayetumia mtambo wa chungu cha kawaida hupata methanoli mwanzo, katikati na mwisho, kwa viwango visivyotofautiana sana. Viwanda vinavyotaka kuiondoa kweli hutumia mnara wa peke yake kwa kazi hiyo, unaofanya kazi mahali ambapo alkoholi ni kali na maji ni machache.

Kwa nini basi wapishi wazoefu humwaga matone ya kwanza? Kwa sababu yana asetaldehidi, yenye harufu ya tofaa bichi, na etili asetati, yenye harufu ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Hizo mbili kweli hutangulia, na pua inazikamata bila msaada wa karatasi. Kuzimwaga kunaboresha kinywaji na kunapunguza methanoli kidogo pia. Lakini harufu mbaya iliyokwisha haimaanishi methanoli imekwisha, maana methanoli haikuwa na harufu hiyo tangu awali. Mazoea ya kukata vichwa, moyo na mkia, yaani kutenga matone ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho, ni sanaa ya ladha. Yanapogeuzwa kuwa kinga ya macho yanapewa mzigo ambao hayawezi kuubeba.

Vyombo vinavyoweza kutaja jina

Kipimo cha mwisho ni kromatografia ya gesi. Sampuli ndogo mno hugeuzwa mvuke na kupitishwa kwenye bomba jembamba refu. Kila kitu hupita kwa mwendo wake, na mwishoni kigunduzi huhesabu kila kimoja kinapotoka. Methanoli hutoka peke yake, ethanoli peke yake, kila alkoholi ya fuseli peke yake. Ona kwamba siri iko kwenye kutenganisha kabla ya kupima. Kigunduzi chenyewe hakina akili kuliko stripu.

Njia ya mwanga wa leza, inayoitwa Raman, huangalia jinsi molekuli inavyotikisika, na methanoli na ethanoli hutikisika kwa namna tofauti. Vyombo vya mkononi vya aina hii vinaweza kusoma hata kupitia kioo cha chupa. Vinafaa kwa kukamata chupa iliyoghushiwa kwa methanoli nyingi. Kwa viwango vidogo vya kawaida vya spiriti, ishara ya ethanoli inaifunika ya methanoli. Mwaka 2019 watafiti wa ETH Zurich, chuo kikuu cha Uswisi, walionyesha kifaa kidogo kinachovuta hewa iliyo juu ya kinywaji, kuipitisha kwenye mrija wenye chembe zinazochelewesha ethanoli kuliko methanoli, kisha kuifikisha kwenye kihisi cha bati oksaidi. Wazo ni lilelile: tenganisha, halafu uliza.

Kwa asiye na maabara, kuna jozi moja ya vyombo vya bei nafuu ambayo husahaulika: hidromita pamoja na refraktomita, chombo kinachopima jinsi mwanga unavyopinda ndani ya kimiminika. Densiti za alkoholi hizi mbili zinalingana, lakini mwanga hupinda ndani yake tofauti. Spiriti ya ethanoli yenye asilimia 40 ina kipeo cha kupinda mwanga karibu 1.355. Methanoli na maji kwa kiwango hichohicho inabaki karibu 1.34. Kama hidromita inasema 40 na refraktomita inasema namba iliyo chini kabisa ya inayotarajiwa, kuna kitu kibaya sana kwenye chupa hiyo. Njia hii haioni asilimia moja ya methanoli, na sukari huivuruga. Ni wavu wa samaki wakubwa.

Na ukweli ni kwamba samaki wakubwa ndio walioua watu. Maafa ya Italia mwaka 1986, yaliyoua zaidi ya watu 20, yalitokana na divai iliyotiwa methanoli makusudi ili kuipa nguvu. Mwaka 2012 katika Jamhuri ya Cheki vifo vilikuwa vingi kiasi kwamba serikali ilipiga marufuku kwa muda uuzaji wa vinywaji vyote vyenye alkoholi zaidi ya asilimia 20. Chanzo kilikuwa methanoli ya viwandani iliyochanganywa na kuuzwa kama pombe. Pektini haikuhusika. Mtu aliyepika mwenyewe kwa sukari na hamira, akaogopa methanoli, ameogopa mahali pasipo hatari kubwa. Aliyenunua dumu la "spiriti" lisilojulikana lilikotoka na kuongezea kwenye alichopika ndiye anayepaswa kuogopa.

Stripu zina nafasi yake kwenye meza ya mpishi, ila kwa maswali mengine: uchachu wa pombe ghafi, mabaki ya salfaiti kwenye divai kabla ya kuchemshwa, mabaki ya dawa ya kusafishia vyombo, shaba iliyoyeyuka kutoka kwenye mtambo. Wanaokeneka plamu na cheri hutumia vipimo vya rangi kutafuta sayanaidi inayotoka kwenye kokwa, kwa sababu inakwenda kuzaa etili kabameti, kitu ambacho Umoja wa Ulaya umependekeza kisizidi miligramu 1 kwa lita katika spiriti za matunda ya kokwa. Maswali hayo yote yana sifa moja: kitu kinachotafutwa hakina pacha wake anayekizidi mara mia.

Mwilini, ethanoli inaficha tena

Sumu ya methanoli haiko kwenye methanoli yenyewe. Ini huigeuza fomaldehidi, kisha asidi ya fomiki, na asidi hiyo ndiyo inayozuia seli kutumia oksijeni, mshipa wa fahamu wa jicho ukiwa wa kwanza kuteseka. Kiasi kidogo cha mililita 10 za methanoli safi kimewahi kutajwa katika vitabu vya tiba kuwa kinatosha kupofusha. Kimeng'enya cha ini kinaipenda ethanoli mara nyingi zaidi ya methanoli, kwa hiyo mtu aliyekunywa vyote viwili huanza kwa kuigeuza ethanoli, na methanoli inasubiri zamu. Dalili za kutapika, kuhema haraka, na kuona kama kuna ukungu au theluji mbele ya macho huweza kuchelewa saa 12 hadi 24, na zaidi. Madaktari hutumia tabia hiyohiyo kutibu: ethanoli inayotolewa kwa kipimo hospitalini, au dawa ya fomepizoli, huziba mlango wa kimeng'enya hadi methanoli itolewe, mara nyingi kwa kusafisha damu kwa mashine. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali mara moja, pamoja na mabaki ya alichokunywa yakiwa yamefungwa kwenye chupa yake, maana maabara itaweza kuyasoma.

Stripu inayotia matumaini kuliko zote imetokea huku, upande wa hospitali. Mwaka 2015 watafiti, wakiwemo wa Oslo, Norwe, walichapisha kipimo cha karatasi kinachotafuta fomati, yaani mabaki ya asidi ya fomiki, kwenye tone la damu. Ethanoli haizai fomati, iwe nyingi namna gani. Mwili umeshafanya kazi ya pamanganeti, na karatasi inabaki na swali moja rahisi. Kasoro yake ni ile inayotarajiwa: aliyekunywa mchanganyiko muda mfupi uliopita anaweza kuwa na methanoli tele na fomati kidogo, kwa kuwa ethanoli bado imekalia kimeng'enya, na stripu ikabaki bila rangi hadi ethanoli hiyo iishe.